Barua kwa Mwajiri si Amri ya Mahakama: Kuulinda Mshahara Dhidi ya Kausha Damu wa Marekani

Mkopo wa siku ya mshahara nchini Marekani, ule mdogo wa ada kubwa unaolipwa mshahara ukiingia na ambao kwetu ungeitwa kausha damu, husainiwa kwa kubonyeza kitufe kwenye simu, usiku, mtu akiwa na bili ya umeme mezani na siku tisa zimebaki kabla ya malipo. Ndani ya mkataba, katikati ya maandishi madogo, mara nyingine kuna kifungu kinachosema kwa ufupi hivi: nikishindwa kulipa, mkopeshaji anaruhusiwa kwenda kwa mwajiri wangu na kuchukua sehemu ya mshahara wangu. Mkopaji hakioni. Anakuja kukiona baadaye, mhasibu wa mishahara anapomwita ofisini na kumwonyesha karatasi iliyoingia kwa faksi, yenye kichwa cha herufi nene, namba ya kumbukumbu na kiasi cha deni. Mhasibu anauliza tu: nianze kukata lini?

Mara nyingi jibu sahihi ni kwamba asikate. Karatasi hiyo haikutoka kwa hakimu. Imetoka kwa mkopeshaji, na mkopeshaji hana mamlaka ya kumwamuru mwajiri. Inafanya kazi kwa sababu moja tu: anayelipa mishahara hajui tofauti yake na amri ya mahakama, na mkopaji hajui kwamba ana haki ya kuifuta.

Tofauti yenyewe ni hii. Mdai anayefuata njia ya mahakama anafungua kesi, mdaiwa anapelekewa wito, hukumu inatolewa, kisha mahakama inamwamuru mwajiri akate mshahara. Hati ya kukabidhi mshahara, ambayo kwenye karatasi zao huandikwa "Wage Assignment", haipiti kwa hakimu yeyote. Nguvu yake yote ni ridhaa ya mkopaji aliyoitoa siku ya kukopa. Ridhaa inapoondolewa, hati inabaki karatasi.

Haki ya kuiondoa si hisani ya mkopeshaji. Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, ilitoa mwaka 1984 kanuni ya mienendo ya mikopo, na ikaanza kutumika tarehe 1 Machi 1985. Kwenye vitabu vya kanuni iko namba 16 CFR 444.2, na namba hiyo inafaa kuandikwa pembeni kwa sababu itaingia kwenye barua. Inamkataza mkopeshaji kuchukua hati ya kukabidhi mshahara isipokuwa katika hali tatu: hati iwe inaweza kufutwa na mkopaji wakati wowote apendapo, au uwe mpango wa makato ya mshahara ulioanza siku ile ile ya mkopo kama njia ya kulipa kila awamu, au ihusu mshahara ambao mtu alikwisha kuufanyia kazi wakati anasaini.

Hali ya pili ndiyo yenye mtego. Mkopeshaji akibanwa atadai kwamba kifungu chake ni "mpango wa makato". Kipimo ni rahisi. Mpango wa kweli huanza na malipo ya kwanza na kuendelea awamu kwa awamu, kama yale makato ya chama cha akiba na mikopo ambayo mtumishi hukubali mwenyewe. Kifungu kinacholala kimya na kuamka siku mtu anaposhindwa kulipa si mpango wa malipo, ni silaha ya kukusanyia deni, na hicho ni lazima kiwe kinafutika. Ukikuta mkataba unasema "haiwezi kufutwa", mkopeshaji amejiandikia ushahidi wa kosa lake mwenyewe. Itunze nakala hiyo.

Jambo hili ni la zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20, katika miji kama Chicago, walikuwapo watu walioitwa wanunuzi wa mishahara. Hawakukubali kuitwa wakopeshaji, kwa sababu sheria za riba zingewabana. Walidai wananunua tu mshahara wa wiki ijayo kwa bei pungufu. Karani wa reli au mfanyakazi wa kiwandani aliyechelewa alitishiwa kwamba karatasi itapelekwa kwa bosi, na mabosi wa wakati ule waliwafukuza watu wenye madeni. Taasisi ya Russell Sage ilipiga vita biashara hiyo kwa miaka, na mwaka 1916 ukatoka mfano wa sheria ya mikopo midogo ambao majimbo mengi yaliufuata. Kitisho ni kile kile hadi leo: aibu mbele ya mwajiri. Mara nyingi mkopeshaji hahitaji hata kukata kitu. Anahitaji mkopaji aogope hadi alipe kwanza yeye, kabla ya kodi ya nyumba.

Kwa nini wahasibu wa mishahara wananasa? Kwa sababu Marekani kuna wadai wanaoweza kukata mshahara bila kwenda mahakamani, mmojawapo serikali ya shirikisho. Tangu sheria ya ukusanyaji wa madeni ya mwaka 1996, idara za serikali zinaweza kumwandikia mwajiri moja kwa moja na kukata hadi asilimia 15 ya mshahara uliobaki baada ya makato ya lazima. Wahasibu wamezizoea fomu hizo. Baadhi ya wakopeshaji wakaziiga. Mwaka 2010 FTC iliishtaki kampuni ya LoanPointe katika mahakama ya shirikisho huko Utah, kwa sababu ilikuwa ikiwatumia waajiri karatasi zilizofanana na zile za serikali, ikidai ina haki ya kukata bila amri ya mahakama, na ikidai kwamba wakopaji walikwisha kuarifiwa na kupewa nafasi ya kupinga. Hawakuwa wamepewa. Mahakama ilikubaliana na FTC mwaka 2011, na mahakama ya rufaa ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 2013. Kesi nyingine, dhidi ya Payday Financial ya South Dakota, iliyojikinga kwa kudai kwamba iko chini ya kabila la Wahindi Wekundu na si chini ya sheria za majimbo, ilifunguliwa 2011 na kumalizika 2014 kwa malipo ya karibu dola milioni moja.

Wasomaji wa Kiswahili wanaofanya kazi kwenye maghala, viwanda vya nyama na nyumba za wazee huko Marekani wana sababu yao ya ziada ya kunasa. Tumezoea makato. Kenya, mtumishi hukatwa mkopo wa ushirika na wa benki kwenye mshahara, na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaweka mpaka kwamba makato yote yasizidi theluthi mbili. Tanzania, mwajiriwa anajua kwamba theluthi moja ya mshahara inapaswa kubaki mkononi, na kwamba makato yanahitaji ridhaa yake ya maandishi, sheria au amri ya mahakama. Kwa hiyo karatasi ya makato inapotokea ofisini huko ugenini, mtu anaiona ni jambo la kawaida: nilikopa, nakatwa. Hasumbuki kuuliza ni nani aliyeisaini. Na watu waliokimbia vita, ambao karatasi yenye mhuri kwao imekuwa na maana ya hatari tangu utotoni, huogopa zaidi ya wote.

Basi kazi ya kwanza ni kuisoma karatasi. Amri ya mahakama ina jina la mahakama na kaunti, namba ya kesi, majina ya mdai na mdaiwa, tarehe ya hukumu, na saini au mhuri wa karani. Tafuta namba ya simu ya karani wa mahakama hiyo wewe mwenyewe, usitumie iliyo kwenye karatasi, kisha uliza kama namba ya kesi ipo. Ni simu ya dakika chache na inamaliza ubishi wote. Kama hakuna kesi, unashughulika na hati ya kukabidhi mshahara au na udanganyifu mtupu, na dawa ya mwanzo ni moja.

Dawa ni barua ya kufuta. Iandikwe kwa Kiingereza, iwe fupi, na isiwe na maelezo ya shida zako. Ukieleza shida unampa mkopeshaji mlango wa kuanza mazungumzo. Weka tarehe, jina lako kamili, namba ya mkopo, tarehe ya mkopo na jina la mwajiri. Kisha sentensi nne. Kwamba unafuta mara moja hati yoyote ya kukabidhi mshahara iliyomo kwenye mkataba huo, kwa mujibu wa 16 CFR 444.2. Kwamba unafuta pia ruhusa yoyote ya kukata fedha kwenye akaunti yako ya benki, kwa njia ya elektroniki au kwa hundi watakayoichapisha wao. Kwamba wasiwasiliane na mwajiri wako kuhusu deni hili. Kwamba mawasiliano yote yaje kwa maandishi kwenye anwani uliyoiandika. Saini.

Itume posta kwa barua iliyothibitishwa yenye kadi ya kupokelewa, ile kadi ya kijani inayorudi ikiwa na saini ya aliyeipokea, na siku hiyo hiyo uitume pia kwa barua pepe. Barua pepe ndiyo inayowahi, kadi ya kijani ndiyo inayothibitisha. Wengine hupiga simu na kuambiwa "tumefuta, usijali", kisha mwezi unaofuata makato yanaanza na hakuna anayekumbuka simu hiyo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa mali ni mshahara: bahasha moja, nakala ya mkataba, nakala ya barua, risiti ya posta, picha za ujumbe wao wote wa simu, stabu za mishahara, yaani zile karatasi za kila malipo zinazoonyesha makato.

Watu wengi huishia hapo, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Mkopeshaji anaipokea barua na kuifungia kabatini. Mwajiri hajui kwamba ridhaa imefutwa, hivyo anaendelea kukata kwa nia njema. Nakala ya barua lazima ifike kwa anayetengeneza mishahara hasa. Msimamizi wa zamu hahusiki, na kumpelekea yeye ni kueneza habari za deni lako bila faida. Kampuni kubwa huwa na ofisi ya mishahara katika jimbo jingine kabisa; uliza idara ya rasilimali watu anwani ya barua pepe inayopokea amri za makato. Ambatanisha barua ya kufuta na ukurasa mmoja unaosema: karatasi mliyopokea si amri ya mahakama, ridhaa yangu imeondolewa tarehe fulani, naomba msikate chochote hadi ije amri ya mahakama au nitakapoandika vinginevyo, naomba mnithibitishie kwa maandishi. Mhasibu anapenda karatasi inayomkinga. Ukimpa hiyo, kwa kawaida atafurahi kuitumia.

Illinois inahitaji kuzungumzwa peke yake, kwa sababu jimbo hilo lina sheria kamili ya hati hizi, na mkopeshaji akiifuata hatua kwa hatua anaweza kweli kumfikia mwajiri bila hakimu. Hati lazima iwe karatasi ya peke yake, haiwezi kufichwa ndani ya mkataba, na jina lake lichapishwe kwa herufi nene kichwani na tena juu ya mahali pa saini. Mkopaji lazima awe amechelewa kulipa zaidi ya siku 40. Kisha, siku 20 au zaidi kabla ya kumdai mwajiri, mkopeshaji anatakiwa kumtumia mkopaji notisi ya kusudio kwa barua ya rejista au iliyothibitishwa, na nakala kwa mwajiri. Kiasi hakiwezi kupita asilimia 15 ya mshahara ghafi, na kuna sakafu isiyoguswa inayopimwa kwa mara 45 ya kima cha chini cha mshahara wa saa. Anayepata dola 1,000 kwa wiki kabla ya makato hawezi kukatwa zaidi ya dola 150, na anayepata kidogo, akiwa karibu na ile sakafu, atakatwa pungufu ya asilimia hiyo au asikatwe kabisa.

Zile siku 20 ndizo moyo wa sheria hiyo. Ndani yake mkopaji anaweza kumpelekea mkopeshaji na mwajiri notisi ya utetezi, na baada ya hapo mkopeshaji aliye na hoja aende mahakamani akaieleze. Kosa linalogharimu watu ni kuiacha ile bahasha posta. Kadi ya posta imebandikwa mlangoni, mtu anafanya zamu ya usiku, anasema ataifuata Jumamosi, Jumamosi anasahau, na bahasha inarudi ilikotoka. Ifuate. Na utetezi uwe wa kweli, kwa sababu unasaini. Kwa Illinois utetezi wa kuanzia ni riba yenyewe: tangu tarehe 23 Machi 2021 jimbo hilo limeweka kikomo cha asilimia 36 kwa mwaka, na mkopo unaozidi hapo ni batili, mkopeshaji hana haki ya kudai hata ule mtaji. Piga hesabu. Dola 300 kwa siku 14 na ada ya dola 45 inaonekana ni asilimia 15. Ukiipeleka kwa mwaka mzima inafika karibu asilimia 391. Mkopo wa mtandaoni wa namna hiyo, kwa mkazi wa Illinois, hauna miguu ya kusimamia.

Majimbo mengine yako kila moja na lake. California inadai hati iwe ya peke yake, iwe na ridhaa ya mwenzi wa ndoa, ithibitishwe na mthibitishaji wa hati, isizidi nusu ya mshahara na iweze kufutwa wakati wowote. Mkopo wa kubonyeza simu hauwezi kutimiza hayo. Texas, Pennsylvania, North Carolina na South Carolina haziruhusu hata mahakama kukata mshahara kwa deni la kawaida la mtumiaji, ingawa matunzo ya watoto na kodi ni habari nyingine. Mtu wa Houston anayeambiwa kwamba mshahara wake "utakamatwa kesho" na mkopeshaji wa mtandaoni anadanganywa.

Mkopeshaji aliyefungiwa mlango wa mwajiri atarudi kwa mlango wa benki. Tena hapo ndiko anakopendelea zaidi, kwa kuwa mkopaji alimpa namba ya akaunti siku ya kwanza. Barua ya kufuta ruhusa umekwisha kuituma. Sasa iambie benki. Sheria inakupa haki ya kusimamisha kato lililopangwa kwa kutoa taarifa siku tatu za kazi kabla, hata kwa mdomo, lakini benki inaweza kudai uthibitisho wa maandishi ndani ya siku 14, na usipoupeleka amri yako ya mdomo inakufa. Benki nyingi hutoza ada kwa kila amri ya kusimamisha. Muulize karani anasimamisha kwa kigezo gani. Akiingiza kiasi kamili, tuseme dola 345, mkopeshaji atajaribu dola 344.50 au atagawa mara tatu, na kato litapita. Taka zuio liwekwe kwa namba ya utambulisho ya kampuni inayoonekana kwenye taarifa ya akaunti, na liguse makato yote yajayo, si lile moja la Ijumaa.

Kato lililopita baada ya kufuta ruhusa ni kato lisiloidhinishwa. Una siku 60 tangu benki ilipotuma taarifa ya akaunti inayolionyesha kulikana na kudai fedha zako. Benki itakupa fomu. Jaza, ambatanisha barua ya kufuta na risiti. Karani akisema "malizana na mkopeshaji mwenyewe", anakosea. Wajibu wa kuchunguza ni wa benki.

Wengi hufunga akaunti wakidhani wamemaliza. Akaunti iliyofungwa inaweza kufunguliwa tena na benki yenyewe kato linapoingia, ikazama chini ya sifuri, na ada zikaanza kujilimbikiza kwa jina lako. Njia salama ni kufungua akaunti mpya kwenye benki nyingine kabisa, kuhamishia mshahara huko kwanza, kungoja stabu moja au mbili kuhakikisha umefika, kisha kuiandikia benki ya zamani ifunge na ikatae kila kinachoingia. Mpangilio huo una maana. Ukianza kwa kufunga, mshahara unaelea siku kadhaa hewani na kodi ya nyumba inachelewa.

Kuna kanuni ya ofisi ya kulinda watumiaji wa fedha, CFPB, inayomkataza mkopeshaji wa namna hii kujaribu tena akaunti baada ya kushindwa mara mbili mfululizo bila ruhusa mpya. Ilianza kudai utekelezaji tarehe 30 Machi 2025, lakini siku hizo hizo ofisi yenyewe ilitangaza kwamba kuisimamia si kipaumbele chake. Itaje kwenye malalamiko, usiifanye ngao yako ya pekee. Vivyo hivyo Kanuni E, kanuni ya shirikisho ya miamala ya elektroniki, inakataza kumlazimisha mkopaji akubali makato ya kujirudia ya elektroniki kama sharti la mkopo. Inahusu makato ya kujirudia, na mkopo wa kulipwa kwa mkupuo mmoja hupenya katika tundu hilo.

Sasa, kufuta hati hakufuti deni. Dawa ya deni ni kulipa, na hilo halijabadilika kwa kuvuka bahari. Mkopo ukiwa halali, unachokipata kwa barua zote hizi ni uwezo wa kulipa kwa ratiba unayoiweza, mshahara ukipita kwanza mkononi mwako. Wakopeshaji walio katika chama chao cha kitaifa wameahidi mpango wa malipo wa awamu nne bila ada, mara moja kwa mwaka, na baadhi ya majimbo yanaulazimisha. Lakini lazima uombwe kabla ya siku ya mwisho ya mkopo, na ukiomba siku moja baadaye unaambiwa umechelewa. Lipa kwa hawala ya posta au hundi ya benki, kamwe si kwa kuwapa namba ya akaunti mpya. Malipo ya mwisho yakifika, dai barua inayosema deni limekwisha.

Anayehitaji fedha za kumalizia mkopo mmoja asichukue mwingine wa aina ile ile. CFPB iliwahi kuonyesha mwaka 2014 kwamba zaidi ya asilimia 80 ya mikopo hii hufuatiwa na mwingine ndani ya siku 14. Vyama vya akiba na mikopo vya Marekani vina mkopo mbadala uliowekwa na msimamizi wao: riba isiyozidi asilimia 28 kwa mwaka, ada ya maombi isiyozidi dola 20, dola 200 hadi 1,000 kwa muda wa mwezi mmoja hadi sita kwa mwanachama wa mwezi mmoja, na aina ya pili inayofika dola 2,000 bila kungoja mwezi. Si kila chama kinautoa. Uliza kwa simu kabla ya kwenda.

Mkopeshaji aliyekwama anaweza kufungua kesi, na hiyo ni haki yake. Wito wa kweli wa mahakama ukija, usichanganywe na karatasi zile za mwanzo. Huo usiupuuze hata kama unajua deni ni batili, kwa sababu mdaiwa asiyejibu hupigwa hukumu ya upande mmoja, na hukumu ndiyo inayoleta makato halali. Jibu kwa maandishi kabla ya tarehe iliyoandikwa, peleka mkataba wenye riba na barua zako, na uombe mkalimani wa Kiswahili mapema, si asubuhi ya kesi. Vitisho vya kukamatwa na polisi kwa kutolipa mkopo ni vya uongo. Deni si jinai. Ila ukiitwa mahakamani kueleza mali zako na usiende, hakimu anaweza kuagiza uletwe, na hapo kosa ni kudharau mahakama.

Hata hukumu ikitoka, mshahara hauliwi wote. Sheria ya shirikisho inaruhusu kukata kile kilicho kidogo kati ya viwili: asilimia 25 ya mshahara uliobaki baada ya makato ya lazima, au kile kinachozidi dola 217.50 kwa wiki, yaani mara 30 ya kima cha chini cha dola 7.25. Aliyebakiwa na dola 600 anakatwa 150. Aliyebakiwa na dola 250 asilimia 25 ingekuwa 62.50, lakini ziada juu ya mpaka ni 32.50 tu, basi anakatwa 32.50. Aliye na 217.50 au chini hakatwi. Kodi za serikali hutolewa kabla ya hesabu hii; kodi ya nyumba na bima ya hiari hazitolewi, na hapo ndipo watu hukosea wanapojipigia hesabu. Mwajiri haruhusiwi kumfukuza mtu kwa sababu mshahara wake umekatwa kwa deni moja. Mafao ya hifadhi ya jamii ya Marekani, Social Security, kwa upande wake, hayawezi kukabidhiwa kwa mkopeshaji hata mwenyewe akisaini.

Malalamiko yapeleke kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo lako na kwa ofisi ya jimbo inayotoa leseni za wakopeshaji, pamoja na CFPB na FTC. Kwanza tafuta kama mkopeshaji ana leseni ya jimbo unaloishi. Katika majimbo kadhaa mkopo wa asiye na leseni haudaiki. Ambatanisha ile karatasi aliyotumiwa mwajiri, kwa kuwa ndiyo iliyowaangusha wakopeshaji katika kesi za Utah na South Dakota. Kama mshahara ulikwisha kukatwa, mwandikie mhasibu akupe tarehe, kiasi na nakala ya karatasi aliyoitegemea, kisha idai fedha hiyo kwa maandishi, kwanza kwa mkopeshaji, na ofisi ya kazi ya jimbo ikibidi. Na kwa vipindi viwili vya malipo vinavyofuata, soma stabu mstari kwa mstari kabla ya kutumia hata dola moja. Kato la namna hii huwa halina jina la mkopeshaji. Huandikwa kwa kifupisho cha herufi tatu au nne tu, karibu na bima ya meno.